Kufuli Linalosikiliza Moyo

Siku hizi Tanga nzima makufuli ya baiskeli hayana funguo. Unalishika, linausikiliza moyo wako. Ukidunda kwa hofu, wewe ni mwizi, halifunguki. Nami kwa majigambo yangu nilichagua lile kali kuliko yote. “Moyo wangu mimi ni maji ya mtungini,” nilimwambia muuzaji.

Leo mchana pumu ilimbana mke wangu, dawa yake ya kuvuta imekwisha, na duka la dawa liko mbali, kwa miguu magoti yangu hayafiki. Nikalishika kufuli la baiskeli yangu.

“Tulia, mwizi,” likasema.

Nikalishika tena. Likakaza mnyororo.

Simu ikalia. Ni yeye, chumbani, hatua kumi kutoka niliposimama.

“Baba Zuhura... umefika?”

“Nakaribia, Mama Zuhura,” nikanong'ona, na kufuli likakaza tena.