Damu ya Bi Mkubwa

Nilipobandua bandeji kwenye mguu wa Bi Mkubwa nikaona damu, nikamwita daktari kwa sauti. Bi Mkubwa ni farasi wangu, na leo ndiyo siku tuliyokubaliana: kidonda kisipobadilika, achomwe sindano ya mwisho.

"Nimemuumiza, mwanangu!"

Daktari wa mifugo ni mpwa wangu. Akaweka mkoba chini, akapiga magoti kwenye nyasi kavu.

Kwa miezi mitatu kidonda kile kilikuwa cheupe kama nta. Wiki tatu zilizopita alimtoa mafuta kidogo karibu na mkia, akatenga seli shina zilizomo, zile seli changa zinazosaidia mwili kujiponya, akazidunga kandokando ya kidonda. Zenyewe hazigeuki mishipa ya damu, alinieleza, ila zinaiita ije.

"Basi ziite kwa sauti," nilimwambia, "mguu wenyewe kiziwi."

Sasa alikigusa kwa pamba. Vitone vyekundu vikachomoza, vidogo kama vichwa vya pini.

"Nyama iliyokufa haitoi damu, mjomba. Hii ni mishipa mipya."

"Kumbe imesikia!"

Nikachukua kitambaa nifute. Akanishika mkono, anacheka huku machozi yanamlengalenga.

"Usifute kwanza. Acha tuitazame."