Mama Aliyekaa Mlangoni

Kiatu kiligonga mlango kwa ndani, tusi likafuata. Lilikuwa tusi zito, la kumtaja mama mzazi, na mama mzazi mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda hatua moja tu kutoka hapo, Biblia mapajani, miwani imeteremka hadi ncha ya pua.

"Nimekusikia, baba," alisema. "Nipe mpaka saa sita. Ikifika saa sita tutazungumza tena."

Binti yake alisimama kwenye korido, mkoba bado begani, sare ya uuguzi bado mwilini. Alikuwa ametoka zamu mbio baada ya jirani kumpigia simu: njoo, mama yako amemfungia mdogo wako chumbani, leo Alhamisi ni siku ya nne, mtaa mzima unamsikia anavyolia.

"Mama, ni kweli haya?"

"Karibu, mwanangu. Punguza sauti."

"Nipunguze sauti? Umefungia mtu kama mbuzi, halafu mimi ndiye nipunguze sauti!"

Mama alifunua ukurasa. Hapo damu ikamchemka binti.

Mdogo wake huyo mtaa mzima ulimwita Waya, tangu enzi alipokuwa akitengeneza redio za watu barazani. Miaka sita iliyopita alianza kuvuta unga. Redio za watu zikapotea, pasi ikapotea, hata mapazia ya sebuleni yakapotea. Kanisani walimwita mbele mara tatu, wakamwekea mikono na kulia naye, na mara zote tatu hakumaliza wiki. Dada mtu alimpokea kwake, kisha akamfukuza mwenyewe, mbele ya watoto. Tangu siku ile alikuwa na hasira iliyokosa pa kwenda. Leo ilikuwa imepata.

"Mchungaji ndiye amekutuma ufanye hivi?"

"Mchungaji huja jioni, tunaomba. Hajanituma."

"Na dawa je? Unajua mtu anayeacha unga anavyotapika? Anavyoishiwa maji mwilini? Au hayo nayo mmemwachia Yesu?"

"Daktari wa zahanati hupita kila asubuhi, anampima pale dirishani na dawa anampa. Uji wa jana ulirudi wote. Wa leo umekaa."

Ndani kitu kilianguka, kitanda kikaburutwa.

"Unaniua, mama! Nataka kutoka! Mungu wako yuko wapi? Mwambie aje aumwe yeye mifupa hii!"

"Alishaumwa, baba," mama alijibu, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikakwaruza. "Naye aliomba kikombe kimwondokee. Hakikumwondokea."

Binti alishindwa kuvumilia. Alimpita mama, akaweka kiganja kwenye mbao za mlango.

"Waya, ni mimi. Nimekuja kukutoa."

Ikajibu sauti ndogo, kama ya mtu aliyejifunika shuka:

"Dada, nenda zako."

Aligeuka, macho yamemwiva.

"Unaona? Umemtisha mpaka anaogopa kutoka. Lete ufunguo."

"Sina."

"Mama!"

"Sina, mwanangu. Mungu ni shahidi yangu."

Binti aliinyakua Biblia, akaitikisa. Ikadondosha picha ya marehemu baba na karatasi za kwaya. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa gauni la mama, kushoto, kulia. Mama aliinua mikono juu kama anayepekuliwa na polisi. Mifukoni mlikuwa na leso tu, imelowa.

"Yaani unamtaja Mungu kwenye uongo," binti alisema. "Huo ndio wokovu wenu?"

Alitoka akiubamiza mlango wa mbele. Dakika kumi baadaye alirudi na seremala wa njia panda, mwanamume mnene, mtaimbo begani, ambaye alisalimia mara mbili bila kujibiwa.

"Ni huu, fundi. Vunja."

Mama alisimama. Alitandaza mikono yake miwili mlangoni, kutoka fremu hadi fremu.

"Usivunje. Nakuomba, mwanangu. Ukivunja umemuua."

"Wewe ndiye unayemuua! Siku nne unamsikia analia, wewe unasoma!"

Alimshika mabega, akamwondoa. Mama alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani, na hilo nalo likamwongezea hasira. Mama akakaa sakafuni pale alipowekwa, akaanza Baba Yetu kwa sauti, harakaharaka, maneno yakikanyagana.

Seremala alipenyeza ncha ya mtaimbo kati ya mlango na fremu. Akaegemea kwa uzito wake wote. Mbao zikalia.

"Acha!"

Ilikuwa sauti ya Waya, karibu kabisa sasa, nyuma tu ya mlango. Haikuwa na hasira hata chembe.

"Dada, mwambie aache. Mlango huu ukiwa wazi nitakwenda. Haki ya Mungu nitakwenda, na sitarudi."

"Lakini ni wewe unayelia unataka kutoka!" dada alipiga kelele. "Ni wewe!"

"Ndiyo, nataka." Pumzi yake ilisikika ikikatika, ikaanza tena. "Mwambie fundi aondoke. Ufunguo ninao mimi, dada. Nimeushika hapa mkononi tangu Jumatatu."