Injini Iliyogoma Asubuhi Ile

Starta ya gari ilipolia tu, Nedko alitoa mkono kwenye ufunguo kama aliyeungua.

"Endelea, wewe!" Mzee Stamen, fundi wa kijiji, alifoka, kichwa kimezama chini ya boneti. "Betri mpya hiyo, haiumi."

Nedko angemwambiaje kwamba mlio ule ndio uliomwamsha kwa miaka ishirini, kule Uhispania alikokuwa akijenga nyumba za watu? Injini inalia, inalia, haishiki. Na nyuma ya mlio huo, kwenye kiti cha nyuma, pumzi za baba yake, zikipungua moja moja, hadi akabaki yeye na ufunguo.

Kijiji kizima kilikuwa na jibu: kijana alitaharuki, akakanyaga mafuta mno, injini ikalowa petroli. Walimwambia hivyo makaburini, mishumaa ikiwa bado mikononi. Mama yake peke yake hakumlaumu hata kwa neno moja. Wiki iliyofuata Nedko aliondoka, asirudi.

Sasa alikuwa amerudi, na gari la baba yake lilikuwa palepale chini ya mizabibu, matairi yamekaa chini, kutu imekula milango.

"Wape wanunuzi wa vyuma chakavu, mwanangu," Mama Raina alikuwa amemsihi asubuhi, akipanga pilipili hoho juu ya jiko la bati. "Wafu tuwaache walale."

"Nataka kujua, Mama."

Mama aligeuza pilipili zake kwa vidole, moto ukimlamba.

Mzee Stamen alisafisha plagi, akamimina petroli mpya. Injini ikazunguka vizuri, haikuwaka. Akaiegemeza plagi moja kwenye chuma aone kama itatoa cheche.

"Tena!"

Hakuna cheche.

Alifungua kile kifuniko cheusi ambacho umeme hupitia kwenda kwenye plagi, akachungulia.

"Nedko. Njoo uone."

Ndani palikuwa wazi. Rota haikuwepo, kile kipande kidogo kinachozunguka na kugawa umeme, hakizidi kidole gumba.

"Bila hiyo, hata Mtakatifu Nikola akishika usukani, haliwaki. Hukulowesha injini, kijana. Waliokusema, nami nikiwemo, tulisema ovyo."

"Labda ilidondoka."

"Idondokee wapi? Kifuniko kilikuwa kimebanwa sawasawa. Hii imetolewa kwa mkono."

Nedko aliketi chini, mgongo kwenye tairi. Jioni ya kuamkia siku ile gari lilikuwa zima. Alilijaza mafuta mwenyewe. Saa mbili asubuhi baba yake angempeleka mjini kupanda basi la Madrid. Sanduku lilikuwa tayari kwenye buti. Saa moja, mezani, baba akashika kifua, na Nedko akamlaza kiti cha nyuma amkimbize hospitali.

Miaka ishirini aliibeba hatia ambayo haikuwa yake. Alitaka kulia, kikaja kicheko, na baada ya kicheko, hasira.

"Kwa hiyo mtu aliingia uani kwetu usiku."

"Mlikuwa na adui?"

"Baba? Baba alikuwa anagombana na kuku tu."

"Na mbwa wenu? Yule mkali?"

"Hakubweka." Nedko alisimama, amekunja ngumi. "Kuna mtu alimuua baba yangu, Mzee Stamen. Labda yupo hapahapa kijijini, anakula, analala usingizi. Nitamtafuta nyumba kwa nyumba."

Harufu ya pilipili zinazoungua ikawafikia. Waligeuka. Mama Raina alikuwa amesimama nyuma yao, hawakujua tangu lini. Alikunjua kitambaa alichokishika, akaweka juu ya injini rota inayong'aa kwa mafuta, safi kama kitu kilichopanguswa kila siku.

"Nilitaka ulikose basi," alisema. "Hilo moja tu, mwanangu."