Jezi Mbichi

Kwa desturi ya chuo kile, mchezaji anayeondoka huifua jezi yake mwenyewe na kuikabidhi kwa Bi Sikudhani, mtunza stoo. Lusajo, aliyebakiza mwaka mmoja wa masomo, alikuwa ameshaifua. Wakala wa klabu kubwa alimsubiri getini na mkataba.

"Lete basi," Bi Sikudhani alisema, mkono ameunyoosha.

Lusajo aliitazama namba tisa ikichuruzika maji. Akaikamua, akaivaa vivyo hivyo mbichi.

"Itakaukia mwilini, mama."

"Na yule bwana?"

"Mwambie aje mwakani, nikishamaliza!"

Akatimka uwanjani. Wenzake walipoiona jezi, shangwe ikalipuka. Getini, wakala aliifunga kalamu yake. Kisha, bila kupenda, akaanza kupiga makofi.