Lakiri kwenye Kombi ya Mzee Humoud

Karatasi ya thelathini na saba Tarsis aliibandika mwenyewe kwenye kioo cha Kombi ya Mzee Humoud, akaisugua kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Shikamoo, mzee," alisema, maana kazi ni kazi na adabu ni adabu.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mzee Humoud kutoka mlangoni pa duka lake, Mtaa wa Narung'ombe. "Bandika na upande wa pili. Jua linaniunguzia viti."

Wapita njia walicheka. Tarsis hakucheka.

Jiji lilikuwa limechoka kudai faini za magari yaliyoegeshwa ovyo. Karatasi zilijaa magunia kwa magunia ofisini, na waliozifaidi walikuwa panya. Basi kazi yote, ya kuandika, kudai na kukusanya, ikakabidhiwa Wakala wa Shime, nao wakajibakizia senti thelathini katika kila shilingi. Watu walipouliza imekuwaje kazi ya umma kupewa mtu binafsi katika nchi ya kijamaa, mwenye wakala, Bwana Melkiori, alijibu kwamba Shime haikuwa ya mtu binafsi hata kidogo. Ilikuwa ushirika wa wanachama watatu: yeye, mkewe na shemeji yake.

Tarsis hakuwa mwanachama. Alikuwa karani wa majaribio, na majaribio yenyewe yalibakiza siku chache.

"Niletee mdaiwa sugu mmoja kabla mwezi haujaisha," Bwana Melkiori alimwambia. "Mmoja tu, wa mfano. La sivyo urudi Kibosho ukapalilie kahawa ya baba yako."

Tarsis alikuwa amekwisha kuandika nyumbani kwamba yeye ni ofisa. Barua hiyo baba yake alitembea nayo mfukoni kijiji kizima. Kurudi kupalilia kahawa kulikuwa kama kurudi uchi.

Mdaiwa alikuwepo. Kilichomshangaza Tarsis ni kwamba miaka yote Mzee Humoud alilipa faini zake siku ileile. Mwaka huu tu ndipo alipokaza shingo.

Jumatatu asubuhi Tarsis alifika na lori la kuvutia.

"Leo inaondoka, mzee."

"Kwa nguvu za nani? Wiki tatu unanitisha. Mjini wanasema wakala wenu hauna hata kamba."

Kamba ilifungwa. Hapo ndipo Mzee Humoud alipoanza kupaza sauti, mpaka wauza nguo wa mtaa wa pili wakaja kushuhudia. Ameonewa. Gari ni lake, mtaa ni wake, amezaliwa hapa kabla baba yake Tarsis hajavaa viatu. Mwisho akamwelekezea kidole.

"Najua mnachotaka. Mtaifikisha huko, usiku mtachomoa redio, mtachomoa na viti. Wezi wakubwa."

Neno hilo lilimchoma Tarsis kuliko yote.

"Shime si wezi. Kila mlango utatiwa lakiri mbele ya macho yako. Hatafungua mtu mpaka ulipe, hata awe waziri."

"Maneno matupu. Andika."

Tarsis akaandika, akatia sahihi, umati ukitazama. Kisha akayeyusha nta nyekundu, akaidondosha kwenye kila mlango na kuigonga mhuri wa wakala kwa hasira na fahari.

Lori lilinguruma, Kombi isisogee. Ikabidi wapagazi saba waisukume.

"Hii imemeza nini?" mmoja wao aliuliza, jasho likimtiririka.

"Springi zimekufa," Tarsis alisema kwa sauti ya mtaalamu. "Nchi hii nani ana springi?"

Hakuna aliyebisha. Kombi ikaenda kulala nyuma ya seng'enge za Shime, chini ya ulinzi wa mgambo mwenye bunduki. Tarsis, akilikumbuka lile neno "wezi", akaomba aongezewe mgambo wa pili.

Siku kumi zikapita. Mwezi ukawa ukingoni na Tarsis hali, halali. Ndipo Mzee Humoud alipoingia ofisini, kofia mkononi, mpole kama bwana harusi. Alilipa karatasi zote thelathini na saba. Alilipa gharama za kuvutwa, akalipa na ulinzi wa kila siku. Hakuomba apunguziwe hata senti.

"Umeona?" Bwana Melkiori alimnong'oneza Tarsis. "Huu msako wa walanguzi umewatia adabu hawa. Wiki nzima wamepekuliwa mpaka darini. Sasa wanaiogopa serikali."

Uwanjani, mzee alizunguka Kombi akigusa lakiri moja moja kwa ncha ya kidole.

"Hakuna aliyeigusa?"

"Hata nzi, mzee."

"Nilikukosea heshima, mwanangu. Wewe ni mtu mwaminifu." Akampa mkono.

Tarsis alithibitishwa kazini siku ileile, kwa barua yenye mihuri miwili.

Kesho yake jioni aliisoma barua hiyo mezani kwa sauti, kwa mara ya tatu, huku mkewe, Candida, akimmiminia chai. Alipoionja akaishusha karatasi. Sukari nyumbani mwao ilikuwa haijaonekana tangu Krismasi.

"Umeipata wapi hii?"

"Kwa Mzee Humoud. Kariakoo nzima ni yeye peke yake anayo, foleni imefika Msimbazi. Wenzangu kawauzia bei mara tatu, mimi kanipa kilo mbili bure. Kasema eti ni haki yako, ya ulinzi."

Tarsis akanywa tena, polepole. Chai ilikuwa tamu sana, ila ilinuka petroli.