Nyuki Aliyeutamani Moto wa Madhabahu

Zamani za Waebrania, Nyuki alikuwa na donge moyoni. Sheria ilikataza asali kuchomwa madhabahuni, lakini njiwa walipokelewa kila siku. Basi akamwendea Njiwa, aliyefungiwa tunduni na muuzaji akingoja kupelekwa hekaluni.

“Shoga, hebu niambie, mimi mwenye utamu wote huu nakataliwa, wewe una nini?”

“Umewahi kumwona njiwa akitoka humo hekaluni?”

Nyuki akafikiri. Hakuwahi.

“Basi tubadilishane, dada,” Njiwa akasema. “Nikataliwe mimi.”

Mara muuzaji akafungua tundu, akamshika Njiwa. Nyuki akamvumia muuzaji machoni mpaka akapunga mikono yote miwili, na Njiwa akaruka zake.

Nyuki akarudi mzingani akiimba. Habari za moto hakuzigusia tena.