Taa ya Mtaa wa Wastani

Siwema alihamia Mtaa wa Wastani kwa sababu alichoka ugomvi. Kwao, kaka yake Hemedi alimwinua kwenye mkeka wa chakula kwa sababu ya chama ambacho yeye Siwema alikipigia kura. Huku kila nyumba ina taa ukutani inayosikiliza: maneno yakiegemea upande wowote inawaka nyekundu, na ikiwaka mara tatu unahamishwa.

Siku ya kwanza alimpelekea jirani sahani ya vitumbua. Ilirudi imeoshwa, haina hata ndizi mbili za ahsante.

"Samahani, dada," jirani alisema kwa upole. "Nikikupa wewe na wa ng'ambo nisimpe, nitaonekana nina upande."

Akafunga mlango taratibu. Mwezi mzima Siwema hakuambiwa neno jingine zaidi ya "salama".

Jumapili mchana Hemedi akapiga simu.

"Msaliti mkubwa wewe! Umetukimbia, umekwenda kwa watu wasio na msimamo!"

Siwema akaweka spika, akaiegesha simu kwenye sahani ile tupu, akavuta kiti. Taa ikawaka nyekundu. Ikazima, ikawaka tena.

"Mbona kimya? Umekata?"

"Sijakata, kaka," akasema, macho kwenye taa. "Endelea tu, nakusikia."